Muulize Muuguzi: Nani Amfungue Kaka Kichwa?

Safu hii hujibiwa na muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, mkazi wa Moshi. Barua za mwezi huu zote zimehusu kichwa. Hatukuzipanga, zimekuja hivyo.

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Nakuandikia kutoka Sakina, Arusha. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza kwetu, ana miaka 38, ni mwalimu wa sekondari na hupiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika. Mwaka huu mkono wa kulia ulianza kumrukaruka akiandika ubaoni. Baadaye maneno yalimpotea mbele ya wanafunzi, akaanguka kifafa. Picha ya MRI imeonyesha uvimbe uitwao meninjioma, wa sentimita nne, upande wa kushoto wa kichwa. Daktari amempa dawa za kifafa na vidonge vya kupunguza kufura kwa ubongo, akasema apasuliwe. Si leo wala kesho, lakini asikae sana. Sasa nyumbani hakukaliki. Baba mdogo anasema India, na tayari kuna kijana anamtumia bei kwa WhatsApp. Shemeji anasema Nairobi. Mama anasema Muhimbili kwa sababu jirani alipona huko. Mimi ndiye niliyeambiwa nitafute bingwa, na sijui hata pa kuanzia. Bingwa mzuri wa ubongo anajulikanaje? Na kumuuliza daktari maswali mengi si kumkosea? – Dada wa Mgonjwa, Sakina

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni wote. Nianze na jina la ugonjwa, maana ndilo litakalokuonyesha mtu wa kumtafuta. Meninjioma haioti ndani ya nyama ya ubongo. Huota kwenye utando unaoufunika, ikakua polepole, pengine kwa miaka, huku ikiusukuma ubongo pembeni. Nyingi si saratani. Ndogo isiyo na dalili huweza kuachwa ikawa inapigwa picha kila baada ya muda, na mgonjwa akazeeka nayo. Ya kaka yako haimo kundi hilo. Ni kubwa, ina dalili, na imekaa mahali pabaya. Kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio wenye lugha, na ndio unaoendesha mkono wa kulia. Ndiyo maana chaki ilimruka na maneno yakampotea.

Kwa hiyo kuulizia bingwa wa ubongo ni nani hakutakufikisha mbali. Utapewa majina, kila mtu na la kwake. Ulizia hivi: nani anatoa meninjioma zilizolalia sehemu ya mkono na ya maneno, anazitoa mara kwa mara, na anazitolea wapi? Ndani ya fani hii kuna waliojikita kwenye uti wa mgongo, wengine kwenye watoto wenye vichwa vikubwa, wengine kwenye mishipa ya damu iliyovimba, wengine kwenye majeruhi. Mlangoni wote wameandikwa maneno yaleyale: Daktari Bingwa wa Upasuaji wa Ubongo na Mishipa ya Fahamu. Aliyefungua mafuvu ya majeruhi wa bodaboda usiku kucha ni fundi wa kweli, nisimvunjie heshima. Lakini mwaka mzima anaweza asiguse uvimbe hata mmoja kama wa kaka yako.

Niliwahi kufanya kazi na mpasuaji mmoja, mtu wa maneno machache, aliyependa kuinua filamu dirishani kuliko kuiweka kwenye taa. Siku moja aliitazama picha ya mama mmoja, akawaambia ndugu, "Huyu naweza kumfungua. Kumaliza salama siwezi kuwaahidi. Nawaandikia rufaa." Ndugu wakanung'unika kwamba anawakwepa, hata wengine wakadhani anataka chochote. Mimi tangu siku ile ningempa kichwa changu kwa kitu chochote alichosema anakiweza.

Nikueleze kinachofanyika ndani, uone kwa nini nakazania mazoea. Kichwa hubanwa kwenye chuma chenye pini tatu kisitikisike. Ngozi hufunguliwa, kipande cha fuvu hukatwa na kuwekwa pembeni, utando hufunguliwa, kisha hadubini kubwa huvutwa juu ya mgonjwa. Uvimbe haung'olewi mzima, kwa sababu ukivutwa utaondoka na mishipa ya ubongo iliyoushikilia. Kwanza huchimbwa ndani, kama mtu anavyokomba parachichi kwa kijiko akabakiza ganda. Halafu ganda lile hukunjwa kuelekea ndani kidogo kidogo, likitenganishwa na ubongo, mshipa kwa mshipa. Ni kazi ya saa nyingi, na sehemu kubwa ya saa hizo daktari anasogeza milimita.

Na hayuko peke yake. Mtaalamu wa usingizi ndiye anayezuia ubongo usifure, kwa kupanga pumzi na presha. Muuguzi wa thieta anatakiwa ajue kifaa kinachofuata kabla hakijaombwa. Damu iwe imeshapimwa na iko kwenye jokofu, si ahadi kwamba itapatikana. Kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kiwe kimetengwa kabla kisu hakijagusa ngozi. Usiku wa kwanza mgonjwa huamshwa kila baada ya muda: bana mkono wangu, taja jina lako, nimulike jicho. Damu ikivuja ndani usiku ule, atakayeigundua ni muuguzi, si bingwa aliyelala nyumbani, na thieta iwe tayari kufunguka saa tisa za usiku. Bingwa mwenye sifa zote asiye na hayo nyuma yake, mimi simpelekei ndugu yangu.

(Kuna watu watakutisha kwamba atapasuliwa akiwa macho. Jambo hilo lipo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kinachouma ni ngozi na utando, na uvimbe uliozama ndani ya eneo la lugha huweza kutolewa mgonjwa akiwa anaongea ili daktari ajue anapogusa. Kwa meninjioma, iliyo nje ya ubongo, mara nyingi hakuna haja. Daktari akilitaja, usishtuke, muulize sababu.)

Sasa pa kuanzia. Anzieni KCMC hapa Moshi. Ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu, ipo tangu 1971, na hata kama kaka hatapasuliwa hapa, barua ya rufaa iliyoandikwa na anayeuelewa ugonjwa ina uzito. Ulizeni kama wakati huu yupo bingwa anayetoa uvimbe wa aina hii. Nasema wakati huu kwa sababu madaktari huhama, huenda masomoni, na jina ulilopewa na jirani laweza kuwa la mtu aliyeondoka.

Mahali palipobeba mzigo mkubwa wa kazi hii nchini ni MOI, Taasisi ya Mifupa iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Neno mifupa lisikupoteze. Taasisi hiyo ilianzishwa 1996, na ubongo ni kazi yake pia. Mama yuko sahihi kusema Muhimbili, ila mkifika msipange foleni ya Hospitali ya Taifa mkapoteza asubuhi. Ulizieni MOI, kliniki ya ubongo. Bugando kule Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma na Mnazi Mmoja Unguja nako hupasua ubongo, lakini ninyi wa Arusha njia yenu ya kawaida ni Dar. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Cornell kutoka New York wamekuwa wakija MOI miaka mingi kufundisha na kupasua pamoja na wenyeji. Ni jambo jema. Lakini mkisikia wageni wanakuja, msimcheleweshe mgonjwa kwa ajili yao. Ulizeni atakayemwangalia wiki ya tatu, wageni wakiwa wamesharudi kwao.

Kuhusu vyeti: daktari yeyote anayetibu Tanzania Bara lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Baraza linaulizika. Tena ninyi wa Arusha mna jirani msiyemjua. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika kilichoanzishwa 1999, makao yake yako hapo hapo mjini kwenu, na ndicho kinachotahini wapasuaji wengi wa ukanda huu, wakiwemo wa ubongo. Wengine wamesomea Muhimbili, wengine nje. Cheti kitakuhakikishia kwamba mtu alifundishwa. Hakitakwambia mwezi uliopita alipasua nini, na hilo ndilo la kumuuliza mwenyewe.

Kabla hamjasafiri, rudini mlikopiga MRI mkaombe CD yenye picha zote. Ndugu wengi hubeba ile karatasi ya majibu, wakaituma kwa WhatsApp kwa madaktari sita, wakapata majibu sita. Karatasi ni maelezo ya mtu aliyeitazama picha. Mpasuaji anataka kuitazama picha yenyewe, aone uvimbe umekaa wapi na mishipa mikubwa imepita wapi. Filamu zilizopigwa picha kwa simu chini ya taa ya sebuleni hazisomeki. Na kama picha haikupigwa kwa dawa ile inayodungwa mshipani, huenda akaomba irudiwe. Msilalamike, bila dawa mipaka ya uvimbe haionekani vizuri.

Umeuliza kama maswali ni makosa. Hapana, mwanangu. Kinachomkera daktari ni kuulizwa koridoni na watu wanane kwa zamu. Chagueni wawili, wewe na mke wake, andikeni maswali kwenye daftari, salimieni, ombeni dakika kumi. Semeni hivi: "Daktari, tunakushukuru. Tungependa kuelewa ili tumsaidie mgonjwa wetu." Halafu ulizeni bila kuzunguka. Uvimbe wa aina hii, sehemu hii, umetoa mingapi mwaka uliopita? Wagonjwa hao wanaendeleaje, wangapi walitoka na udhaifu wa mkono au wa maneno? Utautoa wote, au kipande kilichoshika mshipa utakiacha? Kwa kweli wakati mwingine kuacha kipande ndiyo busara, na anayesema hivyo mapema anajua kazi. Tukisubiri miezi mitatu itakuwaje? Hadubini inafanya kazi? ICU ina nafasi? Nyama itakayotolewa inapelekwa kupimwa wapi na majibu huchukua muda gani? Nani atakayeshika kisu?

Hilo la mwisho watu huogopa kuliuliza. MOI ni mahali pa kufundishia, na wanafunzi wa ubingwa hushiriki. Si vibaya, ndivyo hata huyo bingwa wenu alivyojifunza. Mnachotaka kusikia ni kwamba mwenye uzoefu atakuwa ndani wakati uvimbe unatenganishwa na ubongo, si ofisini.

Sikilizeni namna anavyojibu kuliko mnavyosikiliza majibu. Anayetaja hatari kwa jina, yaani kuvuja damu, kupooza, maambukizi, kifafa kuendelea, huyo amewahi kuziona na anajua la kuzifanya. Anayesema "msiwe na wasiwasi, ni kazi ndogo" mwogopeni. Fuvu likifunguliwa hakuna kazi ndogo. Na mkitaka maoni ya daktari wa pili, mwambieni wa kwanza. Daktari aliyekomaa atawaandikia barua mwenyewe. Atakayenuna amewarahisishia uamuzi.

Sasa kijana wa WhatsApp. India wana hospitali kubwa na wapasuaji hodari, sibishi, na wapo Watanzania waliorudi wazima. Ninachobisha ni kumchagulia mtu mpasuaji kupitia dalali. Muulizeni analipwa na nani. Kama ni hospitali inayomlipa kwa kila mgonjwa, basi anauza. Mwambieni awape jina la mpasuaji, si la hospitali, na mzungumze naye kwa video mkiwa na picha za kaka mbele yake. Akishindwa kuwapa hilo, bei yake haina maana, hata ikishuka kesho, na itashuka. Halafu piga hesabu ambayo baba mdogo hajapiga: viza na tiketi za wawili, malazi, na kwamba baada ya fuvu kufunguliwa hubaki hewa ndani, kwa hiyo hapandi ndege mpaka mpasuaji aruhusu. Na kifafa kikirudi yuko Sakina, nani ana faili lake?

Nairobi ni karibu, kwa barabara kupitia Namanga ni safari ya nusu siku, na mabingwa wapo wa kutosha. Tatizo ni fedha. Muulizeni shemeji kama amepata makadirio ya maandishi yanayojumuisha ICU, maana hapo ndipo bili hupanda. Kama kaka ana bima ya NHIF, nendeni ofisi yao Arusha na barua ya rufaa mkononi kabla ya lolote. Msiokuwa na bima, MOI kama hospitali nyingine za umma ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni mapema, kabla ya bili, si siku ya kuruhusiwa.

Uniulize mimi? Ningempeleka MOI kwa rufaa ya KCMC, na ningepeleka CD kwa bingwa mmoja wa Nairobi kwa maoni tu. Wakikubaliana, nimemaliza. Wakipishana, ningerudi MOI na swali la mahali walipopishana.

Wakati mnasubiri, dawa ya kifafa asiruke hata siku moja. Vile vidonge vya kupunguza kufura, kama ni deksamethasoni, asiviache ghafla hata akijisikia mzima. Mwili huwa umevizoea na kuviacha ghafla ni hatari, hushushwa kwa mpangilio wa daktari. Maombi na dawa havigombani, mwambieni mchungaji hivyo kama ana shaka. Asiendeshe gari wala pikipiki, asipande ngazi ya kuegemeza. Akianza kutapika na kichwa kikimpasuka, akiwa mzito kuamka, au upande mmoja ukilegea, msisubiri tarehe ya kliniki. Hospitali ya Mount Meru au KCMC, saa ileile. Na ndugu wenye afya waende Damu Salama wachangie mapema, siyo asubuhi ya upasuaji.

La mwisho, na usilidharau. Mwambieni mpasuaji kwamba huyu ni mwalimu, anaandika kwa mkono wa kulia, na anabonyeza tarumbeta kwa vidole hivyohivyo. Aende nalo kliniki ikiwezekana, au arekodiwe kwenye simu akilipiga. Mpasuaji huamua mbele ya uvimbe aendelee au aache kipande, na uamuzi huo hutegemea mgonjwa anahitaji nini maishani. Asipoambiwa, atakisia.

SWALI: Mama, kwetu Kibosho. Baba ana miaka 74. Kama miezi miwili iliyopita aliteleza akivuka mfongo, mfereji wa maji, shambani, akagonga kichwa, akaamka akacheka, akaendelea na kazi. Sasa anasinzia mchana, anakosea majina ya wajukuu, mguu unaburuta. Picha ya CT inasema kuna damu ya zamani kati ya fuvu na ubongo. Wakubwa wamekaa kikao, wanataka kuuza sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo, tumpeleke India kwa bingwa. – Kitinda mimba, Kibosho

JIBU: Msiuze kihamba. Vunjeni kikao, mpelekeni mzee hospitali leo.

Barua ya kwanza nimewaambia watafute kwa utulivu. Yako ni kinyume chake. Ubongo wa mzee hupungua kidogo, vijishipa vinavyouunganisha na utando hunyooka, na hata kujigonga kidogo huvikata. Damu hutoka taratibu, wiki baada ya wiki inayeyuka na kuongezeka, ikiubana ubongo. Ndugu husema ni uzee. Kwa uzoefu wangu, wazee wengi wa milimani walioitwa wamechanganyikiwa walikuwa na hilo.

Tiba yake ya kawaida ni tundu moja au mawili kwenye fuvu, damu ile nyeusi iliyoyeyuka inatolewa, huachwa kimpira kwa siku moja au mbili kikamilishe kazi. Kuna wanaofanyiwa kwa ganzi tu. Haihitaji mtu wa kuvuka bahari. Inahitaji mpasuaji aliyefundishwa kuifanya, na mapema. Mwaka 2006, wakati Tanzania nzima ilikuwa na mabingwa wa ubongo watatu tu, daktari wa Marekani Dilan Ellegala alifika hospitali ya Haydom, kule Mbulu, akamfundisha tabibu wa pale, Emmanuel Mayegga, ambaye hata shahada ya udaktari hakuwa nayo wakati huo, mpaka akaweza upasuaji wa kichwa unaookoa maisha. Wapo waliolikosoa jambo hilo, na mjadala wao una haki yake. Mimi nalitaja ili wakubwa wenu waelewe kwamba kichwani kuna kazi zinazofundishika na kuwekwa karibu na watu.

Mwambieni daktari kama mzee anatumia aspirini, warfarini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, na semeni ukweli kuhusu pombe ya mbege. Wapo wanaorudiwa na damu hiyo, kwa hiyo usingizi ule ukirudi baada ya wiki kadhaa, rudini naye.

SWALI: Dada yangu ana miaka 29. Hedhi imekatika, maziwa yanatoka na hana mtoto, na haoni vizuri pembeni, anagonga watu sokoni Kilombero. Wamekuta uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Tumeambiwa upasuaji utapitia puani. Nyumbani wanasema ubongo kupitia puani ni utapeli. – Mdogo mtu, Usa River

JIBU: Si utapeli. Tezi hiyo imekaa chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, na njia ya puani ni ya miaka mingi. Mara nyingi bingwa wa ubongo huifanya pamoja na bingwa wa pua na koo, na mnapomtafuta mpasuaji ulizeni kama wawili hao wamezoea kufanya kazi pamoja.

Lakini nakusihi ulizeni kwanza jambo jingine: je, amepimwa damu kuona kiwango cha prolaktini, homoni ya maziwa? Maziwa yanayotoka bila mtoto na hedhi kukatika ni dalili za uvimbe unaotengeneza homoni hiyo kwa wingi, na wa namna hiyo mara nyingi hunywea kwa vidonge, kabagolini au bromokriptini, bila kisu. Hata ukiwa mkubwa, wengi huanza na vidonge. Daktari anayepanga tarehe ya upasuaji kabla ya majibu ya homoni na ya kipimo cha macho yanaona pembeni kwa upana gani, mwombeni kwa adabu asubiri majibu hayo. Yasicheleweshwe pia, macho yakibanwa muda mrefu huenda yasirudi. Na uwezo wa kuona ukishuka ghafla pamoja na kichwa kuuma vibaya, hiyo ni dharura.

Akipasuliwa, mambo mawili myaangalie nyumbani. Maji meupe yanayochuruzika puani, hasa akiinama, si mafua, arudi hospitali. Na akianza kuwa na kiu isiyoisha na kukojoa kupita kiasi, vilevile.

SWALI: Mchumba wangu anapasuliwa kichwa mwezi ujao. Ana rasta za miaka mingi. Lazima zikatwe zote? Anaona aibu kumuuliza daktari, anasema atamwona mpuuzi. – Majengo, Moshi

JIBU: Hatamwona mpuuzi, nywele huulizwa kila wiki. Wapasuaji wengi siku hizi hunyoa ukanda tu wa mahali pa kukata, wengine hunyoa kichwa kizima kwa mazoea au kwa sababu ya mahali uvimbe ulipo. Aulize kliniki, si mlangoni pa thieta akiwa ameshavaa gauni, maana pale atakayeshika mashine ni kijana mwenye haraka. Rasta zilizo kwenye mstari wa kisu zitaondoka, nyingine zaweza kufungwa nyuma. Azioshe vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, zikauke kabisa, na asipake mafuta.